Saa 72

Kutoka Bofa hadi hospitali kuu ya Kilifi ni safari fupi ya boda. PEP, ile dawa inayozuia virusi vya ukimwi visishike mwilini baada ya mtu kubakwa, inafaa kuanzwa ndani ya saa 72, halafu inamezwa kila siku kwa siku 28. Saa 72 ni siku tatu nzima. Sasa mtu anayeishi karibu hivyo na dawa anacheleweshwa na nini?

Wengi watasema ni aibu. Ni kweli aibu ipo, lakini saa hizo zina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetokea hapa hapa Pwani.

Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Serikali ilichukua miaka 15 hadi Rais Moi alipotangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, Novemba 1999. Kuanzia hapo tulihubiriwa mambo matatu: subiri, kuwa mwaminifu, tumia kondomu. Mwaka 2004 ikaja kampeni ya Nimechill, na vijana wakaambiwa kusubiri ndio ujanja. Haikuwa kampeni mbaya. Shida ni kwamba ushauri wote ule ulimwona kijana kama mtu ambaye uamuzi uko mkononi mwake. Msichana aliyevutwa kichakani akitoka disko matanga ange-chill vipi? Na yule anayelala kwa mjomba kwa sababu mama amekwenda Mombasa kufua nguo za watu, kondomu angemwomba nani? Tena kwake hatari ni kubwa zaidi, kwa maana mwili ukichubuka virusi vinapata njia.

Kwa hivyo kwa miaka mingi ukimwi ulikuwa na ofisi yake na ubakaji ulikuwa na ofisi yake. Msichana aliyepatwa na yote mawili usiku mmoja alibaki akizunguka katikati.

Miongoni mwa mahali pa mwanzo ofisi hizo zilipokutana, Malindi ilikuwepo. Mwaka 2003 shirika la Liverpool VCT lilichunguza jinsi waliobakwa wanavyohudumiwa katika wilaya tatu: Thika, Rachuonyo na Malindi. Utaratibu haukuwepo. Ndipo hospitali za wilaya hizo zikaanza kujaribu mpango mpya: aliyebakwa apokelewe, apewe PEP mapema, aonane na mshauri nasaha, na yaliyoonekana mwilini mwake yaandikwe vizuri ili yafae hata mahakamani. Mwaka 2004 Wizara ya Afya ikatoa mwongozo wa taifa zima.

Kuanzia mwanzo wa 2004 hadi mwisho wa 2007, vituo hivyo vitatu vilihudumia watu 784. Asilimia 43 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 15. Hebu isome tena hiyo. Karibu nusu ya waliofika walikuwa watoto wa umri wa shule ya msingi, na hao ni wale tu ambao mtu mzima alikubali kuwapeleka.

Hospitali ilipoanza kumwamini msichana, sheria bado ilikuwa inamtilia shaka. Mahakama zetu zilirithi kutoka kwa Waingereza kanuni kwamba neno la mwanamke au msichana katika kesi ya ubakaji halitoshi, lazima litafutiwe ushahidi mwingine wa kuliunga mkono. Mtu akikuibia kuku, neno lako linasikizwa. Akikubaka, leta shahidi. Ni mwaka 2003, katika kesi ya Mukungu, ndipo Mahakama ya Rufaa ilipoamua kwamba kanuni hiyo ni ubaguzi na inakiuka katiba.

Miaka mitatu baadaye, mbunge maalum Njoki Ndung'u akapeleka bungeni mswada wa makosa ya kingono. Mjadala ulikuwa moto. Mbunge mmoja mwanamume alidai kuwa wanawake wa Kiafrika hukataa hata wanapotaka, na wabunge wanawake wakatoka nje. Sheria ilipita mwaka huo wa 2006, lakini ililipa bei yake. Mume kumbaka mke wake kuliachwa nje. Tena kikaingizwa kifungu cha 38: ukionekana umemsingizia mtu, adhabu ni ile ile ambayo angepewa yeye. Ebu fikiria mama wa Ganze asiye na wakili akisomewa hiyo. Kifungu hicho kilikaa miaka kadhaa kabla ya kufutwa.

Mwaka huo huo wa 2006, UNICEF na serikali ya Kenya walitoa ripoti kuhusu utalii wa ngono na watoto Pwani. Ilikadiria kwamba wasichana 10,000 hadi 15,000 wa Mombasa, Kilifi, Malindi na Diani walikuwa wakiuza ngono mara moja moja. Magazeti yakamrukia mzungu, na kweli Waitaliano, Wajerumani na Waswisi walikuwemo. Lakini kundi kubwa kuliko yote la wateja lilikuwa Wakenya wenyewe: asilimia 38. Ukipita Bofa leo na kutazama majumba ya kifahari yanayotazama bahari, ni rahisi kudhani hatari inashukia uwanja wa ndege. Mara nyingi hatari inajulikana kwa jina na inasalimiwa shikamoo.

Hapo ndipo saa nyingi zinapopotea. Aliyefanya ni jirani, au ndugu, au mwenye shamba. Sheria ya ardhi ya 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi wa ukanda wa pwani bila hati, na mpaka leo kuna familia zinazoishi kwenye ardhi ya mtu kwa hisani yake tu. Ukimshtaki anayekupa pa kulala, utalala wapi? Basi wazee wanakaa, wanaongea, inatajwa mbuzi au pesa. Siku ya kwanza imekwisha. Siku ya pili anasubiriwa baba atoke kazini. Siku ya tatu wanaambiwa waende polisi kwanza wakatafute P3. Kufika hospitalini, dawa haifai tena.

Na tusijidanganye kwamba haya ni ya kijijini tu. Mwaka 2016, Mahakama Kuu ya Malindi ilimwachilia mwanamume aliyefungwa miaka 20 kwa kumnajisi msichana wa miaka 13. Jaji aliona kuwa msichana alijiendesha kama mtu mzima na alimwendea kwa hiari. Sheria inasema mtoto hana uwezo wa kukubali. Ilikuwa imepita miaka 13 tangu hospitali ya mji ule ule ianze kujifunza kumsikiliza mtoto.

Sasa yako mambo mengine. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na kazi nyingi za ukimwi Kenya, pamoja na za vijana, zilikuwa zikiishi kwa pesa hiyo. Dawa inaweza kubaki kwenye kabati na bado akakosekana mtu wa kumwambia msichana kwamba ipo.

Kwa hivyo tuambiane sisi wenyewe, kwenye boda, kwenye salon, kwenye kambi za mpira. Hospitali ni kwanza, polisi baadaye: huhitaji P3 ndipo utibiwe. Matibabu baada ya kubakwa ni bure katika hospitali ya serikali, sheria imesema. Usioge kabla ya kupimwa. Nguo zitie kwenye karatasi, si plastiki. Nambari 1195 ni ya bure kwa dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto. Vijana wa kiume pia wanabakwa, na dawa ni ile ile.

Wazee wakitaka kukaa, wakae. Lakini boda iitwe kwanza, mtoto afike hospitalini, kikao kiendelee yeye akiwa ameshameza dawa.