Shamba la Pilton

Nilipoacha chuo, baba aliniuliza swali moja tu: "Sasa utakula nini?" Sikuwa na jibu. Nikajifungia chumbani na simu, nikasoma historia ya Glastonbury.

Michael Eavis alikuwa na miaka 19 babake alipofariki mwaka wa 1954. Alikuwa akisomea ubaharia. Ikabidi arudi Pilton, Uingereza, akamue ng'ombe. Mwaka wa 1970 akaenda tamasha la Bath, akawaona Led Zeppelin, akajiuliza: mbona nisifanye hivi kwangu? Septemba hiyo hiyo akafanya. Kiingilio pauni 1, maziwa bure. The Kinks hawakutokea, T. Rex wakaziba pengo. Walikuja watu kama 1,500, naye akaambulia hasara.

Siku hizi huja zaidi ya 200,000. Lakini kila baada ya miaka kadhaa, kama 2018, tamasha halifanyiki. Nyasi zinaachwa ziote, ng'ombe wanapata malisho yao.

Baba analima mahindi. Anajua vizuri kwamba shamba lililopumzishwa si shamba lililotupwa. Sijamwambia bado. Nangoja aniulize tena.