Unga wa Chini ya Ukucha

Hapa Njiro, Arusha, vijana wa kupaka rangi kucha hupita nyumba kwa nyumba na vikapu vyao, na wateja wao ndio wanaoniuliza sana: ukucha umenenepa, umekuwa wa manjano, je, ni fangasi? Nimezeekea maabara, na jibu langu ni lilelile: kwa macho tu huwezi kujua. Karibu nusu ya kucha zinazoharibika hazina fangasi. Huenda ni soriasisi, au kiatu kinachobana. Na ule ukijani kwenye kidole cha mama anayefua kutwa mara nyingi ni bakteria.

Kuitafuta fangasi kwa hadubini ni jambo la zamani. Mwaka 1841 David Gruby, daktari wa Paris, alitazama kwa hadubini nywele za watoto wenye mapunye, akaonyesha kuwa ugonjwa ule unaletwa na kuvu, yaani fangasi. Wenzake hawakumjali. Ikapita nusu karne kabla daktari Raymond Sabouraud hajaifufua kazi yake katika jiji hilohilo, akatengeneza chakula cha kuoteshea fangasi ambacho maabara zetu hadi leo hukiita kwa jina lake. Dawa ya kumeza, griseofulvini, iligunduliwa 1939, na watu wakaanza kutibiwa nayo 1958.

Kwetu kaskazini, mwaka wa kukumbukwa ni 1992, kilipofunguliwa kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kama kilomita 80 kutoka hapa. Matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika walisomea ngozi miaka miwili, wakarudi kwenye wilaya zisizo na daktari bingwa. Kwangu mimi hilo lina uzito kuliko dawa yoyote mpya.

Maana kipimo chenyewe cha fangasi hakihitaji mashine kubwa, ila mtu aliyefunzwa. Unapangusa ukucha kwa spiriti, unakata sehemu iliyoachana na nyama, kisha unakwangua ule unga wa chini, karibu kabisa na mpaka wa ukucha mzima. Hapo ndipo fangasi iliyo hai hukaa. Ncha hubeba vumbi na iliyokwisha kufa. Unauweka kwenye kioo, unadondoshea potasiamu haidroksaidi, unasubiri ulainike. Ukiona nyuzi zenye vipingili, umeipata. Unga uliobaki unaoteshwa, na majibu huweza kuchukua wiki nne.

Wengi huona wiki hizo ni nyingi, wakaenda duka la dawa. Lakini ukucha wa mguu huota kama milimita moja na nusu tu kwa mwezi, na anayetibiwa fangasi asiyokuwa nayo husubiri mwaka mzima ndipo agundue.