Nusu Mbili za Ubongo na Neno Refu la Kibantu: Historia ya Swali la Usomaji Ikitazamwa kutoka Gisenyi

Makala hii inafuatilia historia ya swali moja, yaani jinsi nusu mbili za ubongo zinavyolitambua neno lililoandikwa, na kuuliza ni kwa kiasi gani majibu yaliyopatikana yanamhusu msomaji wa Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma kwenye ufuo wa Ziwa Kivu.

Swali lenyewe lilianzia hospitalini. Mwaka 1887 mfanyabiashara mmoja wa vitambaa mjini Paris aliacha ghafla kuweza kusoma. Alizungumza kama kawaida na aliandika bila shida, ila alichokiandika mwenyewe hakuweza kukisoma. Alichoweza ni kufuatisha herufi moja moja kwa kidole. Upande wa kulia wa uga wake wa kuona ulikuwa umeharibika. Jules Dejerine aliuchunguza ubongo wake baada ya kifo na mwaka 1892 akaeleza kwamba jeraha lilikuwa nyuma ya nusu ya kushoto, pamoja na sehemu ya daraja la neva linaloziunganisha nusu hizo mbili. Nusu ya kulia iliendelea kuziona herufi, lakini haikuwa na njia ya kuzifikisha upande wa kushoto, ambako lugha hushughulikiwa.

Kwa kuwa kilicho kushoto mwa kitovu cha macho hupokewa kwanza na nusu ya kulia, na kilicho kulia hupokewa na nusu ya kushoto, iliwezekana baadaye kuwapima watu wenye afya kwa kuwaonyesha maneno kwa muda mfupi sana upande mmoja. Mwaka 1952 Mishkin na Forgays waliripoti kwamba maneno ya Kiingereza yalitambuliwa vizuri zaidi yakiwa upande wa kulia. Maneno ya Kiyidishi, lugha inayoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, hayakuonyesha faida hiyo. Yalielekea kidogo upande wa pili. Ubongo peke yake, basi, hautoshi kuyaeleza matokeo hayo. Mazoea ya jicho nayo yana sehemu yake.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Kiswahili. Hati ya Utendi wa Tambuka yenye tarehe ya 1728 iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kwa muda mrefu msomaji wa pwani alianzia kulia. Herufi za Kirumi zilishika nafasi kupitia misheni na utawala wa kikoloni. Upande wa Gisenyi, misheni ya Nyundo iliyoanzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1901 ilikuwa miongoni mwa milango ya kwanza ya usomaji huo. Mabadiliko ya hati hujadiliwa kwa kawaida kama suala la siasa na dini, na ni sawa. Lakini yaligeuza pia upande ambao jicho hutarajia neno lianzie.

Hata hivyo, naona suala zito zaidi ni urefu wa neno. Katika miaka ya 1980 Andrew Young na Andrew Ellis walionyesha kwamba urefu hauathiri sana neno linaloonekana upande wa kulia, ilhali upande wa kushoto kila herufi ya ziada huongeza kazi. Maneno waliyoyatumia yalikuwa mafupi ya Kiingereza. Mtoto wa Rubavu husoma «ntituzamwigisha» kwa Kinyarwanda, herufi 15, na «hatutamsomesha» kwa Kiswahili, herufi 14. Kiingereza hulitamka wazo hilohilo kwa maneno matano. Si asili ya lugha peke yake iliyoamua hivyo: Kisotho, ambacho nacho ni cha Kibantu, hutenganisha viambishi vingi kwa nafasi, kwa sababu waliotunga tahajia yake walichagua hivyo.

Hapa ndipo sera inapoguswa. Tangu Baraza la Mawaziri la Rwanda liamue mwaka 2008 kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, na Kiswahili kifanywe lugha rasmi mwaka 2017, mtoto hukutana na lugha zenye mipaka tofauti kabisa ya neno. Gisenyi wengi hukijua Kiswahili kwa sikio, kutoka sokoni na mpakani, kabla hawajakiona kwenye karatasi. Lakini ustadi wa kusoma hupimwa mara nyingi kwa idadi ya maneno kwa dakika. Kwa kipimo hicho, aliyesoma «ntituzamwigisha» amepata alama moja, na mwenzake wa Kiingereza tano. (Wanaouza semina za «ubongo wa kulia» na «ubongo wa kushoto» kwa walimu hawaligusi hili.)

Utafiti uliochapishwa na Stanislas Dehaene na wenzake mwaka 2010, kwa watu wazima wa Brazili na Ureno, ulionyesha kwamba kujifunza kusoma hubadilisha eneo la chini nyuma ya nusu ya kushoto, hata kwa waliojifunza ukubwani. Kama eneo hilo huundwa na maandishi linayoyapokea, basi majaribio ya Young na Ellis yanastahili kurudiwa kwa maneno ya Kinyarwanda na Kiswahili, na watoto wa Rubavu wanaozisoma lugha zote mbili ni kundi linalofaa kuanzia. Wakati huohuo, kuhesabu silabi badala ya maneno katika upimaji hakuhitaji kusubiri maabara.