Dola 25 za Dada: Historia Fupi ya Hojaji za Kulipwa

Wiki hii nimepokea barua pepe tatu zenye swali moja: je, ni kweli mtu anaweza kuongeza pato la familia kwa kujaza hojaji kwenye mtandao? Nilianza kujibu kwa mistari miwili, nikaona haitoshi. Kwa hivyo leo tuweke programu kando kidogo, niwasimulie historia. Jibu mtalipata humo humo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2006 nilikuwa Mombasa, nimemaliza chuo, kazi sina. Niliishi kwa dada yangu mkubwa, aliyekuwa akilea watoto watatu kwa kuuza mahamri na mbaazi kila asubuhi. Siku moja nikaona tovuti iliyodai kwamba kampuni za Marekani zinatafuta watu wa kutoa maoni, dola kadhaa kwa kila hojaji. Kiingilio kilikuwa dola 25. Nilimweleza dada, naye akafungua fundo la leso akanipa shilingi elfu mbili. "Mdogo wangu, hizo ni pesa za unga," akaniambia. Nikamwomba jamaa mwenye kadi ya benki anilipie.

Nilichotumiwa ni orodha ya majina ya kampuni za hojaji. Basi! Na kila kampuni katika orodha ile ilisajili watu bure.

Nilijiandikisha hata hivyo. Saiba ya mtaani ilitoza shilingi moja kwa dakika. Najaza umri, elimu, kazi, gari (sina), idadi ya watoto nyumbani, halafu baada ya dakika kumi naambiwa: asante, lakini hufai kwa utafiti huu. Siku 40, saa moja kila siku, nikawa nimelipa saiba shilingi 2,400. Akaunti yangu ilikuwa na dola 7, na huruhusiwi kutoa kitu kabla ya kufikisha dola 20. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa miaka mingi nilidhani nilikataliwa kwa sababu mimi ni Mkenya. Kwa kiasi fulani ni kweli. Anayeuza magari Ohio hana haja na maoni ya kijana wa Kisauni asiye hata na baiskeli. Lakini kuna sababu nyingine, na niliielewa baadaye nilipopewa kazi ya kuandika programu ya hojaji. Mteja alitaka idadi maalum ya wanawake wa umri fulani, idadi maalum ya wanaume, wangapi wa mjini, wangapi wa mashambani. Kila kundi lina kikapu chake. Kikapu kikijaa, programu inafunga mlango na kusema asante. Hapana chuki, ni hesabu tu. Mistari ile iliyonikatisha tamaa mwaka 2006, sasa nilikuwa nikiiandika mimi!

Mtindo huu ni wa zamani kuliko kompyuta. Mwaka 1936, jarida la Marekani liitwalo Literary Digest lilituma karatasi za maoni zipatazo milioni 10, zikarudi zaidi ya milioni 2. Likatangaza kwamba Alf Landon atamshinda Rais Franklin Roosevelt. George Gallup aliuliza watu wachache mno kuliko hao, lakini aliwachagua kwa makundi ili wafanane na nchi yenyewe, akasema Roosevelt atashinda. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Kosa la jarida lilikuwa nini? Majina mengi lilikuwa limeyatoa kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, yaani watu wenye uwezo. Wengi wa maskini hawakuulizwa.

Tangu hapo wafanyabiashara walijua kwamba hawahitaji watu wengi, wanahitaji watu wachache waliochaguliwa vizuri. Hapa ndipo penye jibu la swali lenu. Anayehitaji watu wachache tu hawezi kumpa kila mtu kazi kila siku.

Intaneti ilipoenea, watu walisahau somo hilo. Mwaka 1999 kampuni ya AllAdvantage ililipa senti 50 kwa saa kwa kuacha tu matangazo yapite kwenye skrini yako, na nyongeza ukileta rafiki. Mamilioni walijiunga. Mapema mwaka 2001 ilifunga, kwa sababu pesa za matangazo hazikutosha kulipa umati ule.

Sasa turudi kwetu, mwendo mfupi kutoka Mombasa. Nathan Eagle, mtafiti kutoka MIT aliyekuwa akifundisha programu za simu Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa Kilifi akisaidia hospitali kuripoti akiba ya damu. Wauguzi walituma idadi kwa SMS. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri, kisha ripoti zikapungua. Uzembe? La. Kila SMS ilitoka kwenye mfuko wa muuguzi! Mfumo ulipoanza kurudisha kredi kidogo kwa kila ripoti sahihi, ripoti zikarudi. Mwaka 2009 akaanzisha txteagle: unatafsiri maneno au unajibu hojaji kwa simu ya kawaida, unalipwa vijisenti au kredi. Mwaka 2011 kampuni ikaitwa Jana, jina linalotuchekesha sisi Waswahili.

Ona tofauti. Muuguzi hakulipa kiingilio, wala hakulipa saiba. Alilipwa kwa kitu anachokitumia, papo hapo, na alichojua yeye hakuna Mmarekani aliyekijua.

Njia ya pesa nayo imefunguka. M-Pesa ilianza Machi 2007, na tangu mwaka 2018 pesa za PayPal zinaweza kuhamishwa hadi M-Pesa. Lakini vikapu ni vilevile. Hojaji zitakupa kredi, pengine sukari ya wiki. Karo ya shule hazitakupa.

Kwa hivyo, ushauri wangu. Usilipe kiingilio hata shilingi moja. Anayekuuzia orodha anaishi kwa viingilio, si kwa hojaji. Hesabu muda wako na data yako kabla ya kuhesabu dola. Uliza kiwango cha chini cha kutoa pesa. Na usiache kazi inayokulisha.

Dada nilimrudishia elfu mbili zake kwa mshahara wangu wa kwanza. Alizipokea, akazifunga kwenye leso, kisha akaniuliza kama zile dola 7 bado zipo. Sikuwa na la kumjibu, maana tovuti ile ilikuwa imeshafungwa.

Tuonane wiki ijayo.