Mchepuo, si Uboreshaji

Mtu akifungua Atari 2600, mashine ya michezo ya video, na kulehemu nyaya mpya ili runinga ioneshe picha safi, neno linalokuja haraka mdomoni ni uboreshaji. Neno hilo linafaa tangazo la duka, lakini halisemi kilichofanyika. Istilahi inayostahili ni mchepuo, kwa maana ile ile ya barabara ya mchepuo: magari hayabadiliki, ila hayapiti tena kwenye foleni ya mjini.

Mashine hiyo ilitoka Marekani mwaka 1977, wakati runinga nyingi za nyumbani hazikuwa na tundu la kupokea picha isipokuwa la antena. Ikabidi ijifanye kituo cha televisheni. Chipu yake, TIA, hutoa mng'aro kwa pini tatu, rangi kwa pini nyingine, na ishara ya kupanga mistari kwa pini yake. Vyote vinatoka vikiwa vimetengana. Kisha rezista zinavichanganya, sauti inaongezwa, na moduleta iliyofunikwa kwa bati inavigeuza kuwa mawimbi ya chaneli ya 2 au ya 3. Runinga nayo inaanza kufumua kilichofumwa, na safari hiyo inaacha chenga kwenye picha na mvumo kwenye sauti. Fundi wa mchepuo huzidaka ishara kwenye pini za TIA, kabla hazijafika kwenye moduleta, na kuzitoa kwa tundu jipya. Akipitisha mng'aro na rangi kwa nyaya mbili tofauti, hata mtetemo wa kingo za rangi hutoweka. Hajaongeza rangi hata moja. Katika toleo la Marekani ni zile zile 128.

Atatokea wa kusema kwamba transista aliyoiweka fundi imeongeza kitu. Imeongeza nguvu ya kusafiri kwenye kebo, basi. Pingamizi zito linatoka kwa NES, mashine nyingine ya michezo, ambayo chipu yake ya picha huchanganya kila kitu tumboni mwake, bila pini ya kudaka rangi kabla ya mchanganyo. Hapo fundi hubadilisha chipu, au huweka bodi inayoiunda picha upya. Huo ni ubadilishaji, na anayenunua mashine iliyokwisha kufunguliwa ana haki ya kujua ni kipi kati ya viwili kilichofanywa. Uboreshaji unavifunika vyote kwa shuka moja.

Watakaocheka wapo, maana mtaani Tanzania mchepuko ni mpenzi wa pembeni, na shuleni mchepuo ni mkondo wa masomo. Baipasi nayo ingeeleweka, ila haizai kitenzi kwa urahisi. Mchepuo unatupa kuchepusha na kuchepushwa.

Kwenye sauti istilahi inabana zaidi. TIA ina njia mbili za sauti, na mashine huziunganisha kuwa moja. Fundi akizitoa zikiwa zimeungana, amechepusha. Akiipeleka moja kushoto na nyingine kulia, amevuka mpaka: michezo ilitungwa kwa spika moja, na sasa mlio wa risasi unaweza kubanwa kwenye sikio la kushoto ilhali chombo kiko katikati ya kioo. Kazi hiyo iitwe utenganishaji, na mteja aulizwe kwanza.