Namna ekipe ya basketi ya kulipwa inavyochagua wachezaji wake

Mwaka 2022, BC Espoir Fukash ya Lubumbashi ilicheza Basketball Africa League, ile ligi ya bara inayoitwa BAL. Mtu akitazama mchezo kama ule, anaona wachezaji watano uwanjani na wengine kwenye benchi. Kazi ya kuwapata haioni. Nani aliamua huyu aingie na yule abaki? Kwa kijana anayerusha mpira Kampene, Pangi au Kindu, jibu la swali hilo ni la maana, sababu linaonyesha wanaochagua wanatafuta nini hasa.

Nani anaamua?

Kocha anasema anahitaji mchezaji wa namna gani, lakini mara nyingi hanunui yeye. Juu yake kuna meneja mkuu au rais wa michezo. Huyo ndiye anasaini mikataba, na ndiye anaulizwa ekipe ikianguka. Chini yake wako watafuta vipaji wanaozunguka viwanja, daktari anayepima magoti na moyo, na mtu wa hesabu anayelinda kasha.

Mmoja anayejulikana sana katika kazi hiyo ni Masai Ujiri. Baba yake ni Mnigeria, mama yake Mkenya. Alianza kutafuta vipaji kwa ajili ya Orlando Magic bila mshahara. Baadaye aliongoza Denver Nuggets, na mwaka 2013 akaenda Toronto Raptors ya Kanada.

Hesabu tatu za kwanza

Kabla ya kutaja jina la mchezaji, viongozi wanaangalia mambo matatu.

La kwanza ni idadi. Katika NBA ya Marekani, ekipe ina nafasi 15 za mikataba ya kawaida. Ukimleta mmoja, pengine lazima umwachie mwingine.

La pili ni uraia. BAL ilipoanza Kigali, Mei 2021, kila ekipe iliruhusiwa wachezaji 13. Angalau 9 walipaswa kuwa raia wa nchi ya ekipe. Wageni hawakuzidi 4, na kati yao wasiotoka Afrika hawakuzidi 2. Kwa hiyo meneja hawezi kujaza Wamarekani tu. Asipokuwa na vijana wazuri wa nyumbani, wageni wake wanne hawatamfikisha mbali.

La tatu ni franga. NBA ina kikomo cha mishahara: msimu wa 2018–2019 kilikuwa karibu dola milioni 102 kwa ekipe. Kinaweza kuvukwa kwa masharti fulani, lakini anayepita mbali sana anatozwa kodi kubwa. Ukimlipa nyota mmoja pesa nyingi, wengine utawapata kwa bei ndogo.

Njia za kumpata mchezaji

Njia ya kwanza ni drafti. Kila mwaka ekipe za NBA zinapokezana kuchagua vijana, na zile zilizofanya vibaya zinapewa nafasi nzuri zaidi ya kuchagua mapema. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alichaguliwa wa 4 mwaka 1991 na Denver. Bismack Biyombo wa Lubumbashi alichaguliwa wa 7 mwaka 2011. Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma, naye alikuwa wa 7 mwaka 2021, akaenda Golden State Warriors.

Njia ya pili ni kubadilishana: nipe huyu, chukua yule. Ya tatu ni kumsaini mtu asiye na mkataba. Hapo jina kubwa linaweza kuuza tiketi pia: mwaka 2021 Patriots ya Rwanda ilimsaini J. Cole, mwanamuziki wa Marekani. Alicheza michezo mitatu, kisha akaondoka. Ya nne ni kulea vijana mwenyewe, na hiyo inadai uvumilivu.

Mfano wa Toronto

Ekipe ya Ujiri ilichanganya njia hizo zote. Pascal Siakam wa Kamerun alichaguliwa wa 27 mwaka 2016, akiwa bado hana jina kubwa. Fred VanVleet hakuchaguliwa na mtu yeyote katika drafti ya mwaka ule. Toronto ikamsaini hivyo hivyo. Serge Ibaka, mzaliwa wa Brazzaville, aliletwa kwa kubadilishana mwaka 2017.

Halafu Julai 2018 likaja jambo lililowaumiza mashabiki. Ujiri alimtoa DeMar DeRozan, aliyeipenda Toronto na kuichezea miaka tisa, ili ampate Kawhi Leonard. Leonard alikuwa amecheza michezo 9 tu msimu uliotangulia kwa sababu ya maumivu, na angeweza kuondoka baada ya mwaka mmoja. Watu wakasema hayo ni kukosa shukrani.

Juni 2019 Toronto ikachukua ubingwa wa NBA kwa mara ya kwanza. Mwezi uliofuata, Leonard akaondoka. Siakam na VanVleet walibaki wakibeba ekipe. Ndiyo maana meneja mzuri akileta mtu wa leo, anaendelea kumlea wa kesho.

Vijana wanaonekana wapi?

Tangu 2022, BAL ina mpango unaoitwa Elevate: ekipe zinapewa kijana kutoka chuo cha NBA kilichoko Saly, Senegal. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alipita hapo. Alicheza Cobra Sport mwaka 2022, na City Oilers ya Kampala mwaka 2024. Mwaka 2025 akachaguliwa wa 10 katika drafti ya NBA.

Urefu unasaidia, lakini sio kila kitu. Viongozi wanauliza pia: anarudi kulinda haraka? Anasikiliza kocha? Akikaa benchi anakasirika? Karatasi zake ni za kweli?

Mzazi ajue nini

Ekipe ya kulipwa ndiyo inamlipa mchezaji. Mtu akija kijijini akiomba dola za «kufungua dosie» au «viza ya NBA», mzazi asiuze kitu. Mawakala wanaotambuliwa na FIBA, shirikisho la basketi la dunia, wako kwenye orodha ya shirikisho hilo, na jina linaweza kutafutwa kwenye intaneti.

Kwa kawaida FIBA hairuhusu mchezaji kuhamia ekipe ya nchi nyingine kabla ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu maalumu. Akihama, shirikisho la nchi anakotoka linatoa barua ya kumwachilia. Anayesema barua hiyo si lazima, aulizwe kwa nini.

Na umri usipunguzwe. Tarehe ya uongo ikigunduliwa, mkataba unaweza kuvunjika na jina la kijana kuharibika. Cheti cha kuzaliwa kilicho sawa, masomo yanayoendelea na ekipe ya mtaa yenye mashindano ya kweli: hivyo ndivyo mzazi anaweza kuanza navyo leo, bila kumlipa mtu yeyote wa kati.