Kinga ya Dereva wa Bodaboda: Bima, Fidia na Wajibu wa Mwenye Pikipiki

Sikonge ipo kusini mwa mji wa Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi iliyotoa wapagazi wengi wa misafara ya karne ya 19. Mpagazi alibeba pembe za ndovu hadi pwani kwa ujira na posho. Akiugua njiani, aliwategemea wasafiri wenzake. Leo mzigo hupanda pikipiki: madumu ya asali, magunia ya mpunga, vifurushi vilivyoagizwa kwa simu, hata mgonjwa anayewahishwa zahanati. Swali la kale limebaki: abebaye akianguka, nani atambeba?

Madereva wengi hawamiliki chombo. Humpelekea mwenye pikipiki hesabu ya kila siku, au huingia mkataba ambao chombo huwa chao malipo yakikamilika. Tuzitofautishe basi kinga nne ambazo mara nyingi huchanganywa.

Bima ya chombo. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakilazimisha kila chombo cha barabarani kuwa na bima ya madhara kwa watu wengine. Bima hiyo humfidia aliyegongwa. Dereva aliyejiangusha haimhusu. Anayetaka kujikinga mwenyewe hukata bima ya ajali binafsi. Chombo kinachobeba abiria kwa nauli kikatiwe bima ya biashara hiyo, si ya matumizi ya nyumbani. Ajali ikitokea, iripotiwe polisi na majeruhi apewe PF3.

Fidia ya kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, hugharimia matibabu, ulemavu na matunzo ya wategemezi. Mwajiri peke yake ndiye huchangia. Wenye pikipiki wengi hujihesabu kuwa wakodishaji tu. Hata hivyo, kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, endapo, kwa mfano, anapewa vitendea kazi na mwingine au anamtegemea huyo kwa riziki yake. Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hifadhi ya jamii. Aliyejiajiri anaweza kujiunga na NSSF kwa hiari. Pensheni ya uzeeni kwa kawaida hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Anayeanza akiwa kijana hujipatia nafasi kubwa ya kuifikia.

Matibabu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inawahusu pia walio nje ya ajira rasmi. Familia ya dereva isisubiri ajali ndipo iulizie kadi.

Katika waraka *Laborem Exercens* wa mwaka 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alihesabu matibabu, hasa baada ya ajali kazini, pamoja na bima na pensheni, kuwa haki za mfanyakazi. Haki haigeuki hisani kwa sababu ujira umeitwa hesabu.

Tunawasihi wenye pikipiki, wengi wao waamini wenzetu, waandike mkataba pamoja na dereva mbele ya mashahidi. Mkataba huo utaje mambo matatu: nani analipia bima, nani atagharimia matibabu, na hesabu itasimama kwa siku ngapi dereva akiumia. Yaandikwe kabla ufunguo haujakabidhiwa.